Mwali wa Kemia

Nyamisati,
Tarehe 5 Februari, 2023

Mwanangu Muzdalifa,

Hujambo mwanangu? Umelalaje, umeamkaje, na bibi yako kifua kimetulia? Sie huku wazima. Magoti ndo yananigomea nikiinama jikoni, lakini sijasikia mtu kazikwa kwa magoti. Baba yako Swalehe kapita juzi kutoka kwenye mikoko, kachakaa kama gunia, anakusalimu. Kasema lolote utakaloamua yeye yumo, ila aambiwe mapema.

Enhe. Haya, na weye ndo umefanya nini? Nakupigia simu, sikupati. Nampigia mama yako Salima pale Kibiti, ananambia, "Wifi, simu kaniachia mie. Kaenda Mtunda kwa bibi yake, anasema atasoma mwenyewe. Twisheni hataki." Mwenzangu, nilikaa. Nilikalia ndoo ya samaki wa watu! Ndo maana unaniona nimeshika kalamu, mie wa darasa la nne, ambaye mara ya mwisho kuandika barua nilimwandikia mtu ambaye hata hakunioa. Hii atakuletea Abdalah, yule wa bodaboda mwenye tumbo, anayepeleka samaki Kibiti. Kasema Mtunda atachepuka.

Sasa nisikilize. Kidato cha nne umemaliza, masomo mengine umepata, ila Kemia na Fizikia yamekuangusha, na bila hayo mawili chuo cha uuguzi hawakupokei. Hilo nalijua vizuri maana kila nesi anayekuja hapa kungoja boti ya Mafia namuuliza kabla sijampa chai. Mtihani wa kurudia ni mwezi wa kumi na moja. Mama yako kashakutafutia kituo cha twisheni, kwa mwalimu Twalibu, nyuma ya soko. Weye unakwenda kujifungia Mtunda na kitabu! Mtu aliyeanguka akiwa na mwalimu mbele yake, atasimama bila mwalimu?

Nikwambie kitu. Habari za Nyamisati hii ninazo zote, hata zile ambazo wenyewe hawajazijua. Lakini hakuna hata moja niliyoijua peke yangu. Nyingine nimeuliza, nyingine nimeletewa, nyingine nimebishana na mtu mpaka ikamtoka. Kujua jambo ni watu, mwanangu.

Niambie kilichokukimbiza pale kituoni. Niambie mie tu, sitamwambia mtu.

Shangazi yako,
Kuruthumu


Mtunda,
14 Februari 2023

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata pale palipoingia mafuta. Pole na magoti. Huku mimi mzima, na bibi Sijaona mzima, kifua chake kimetulia.

Simu nimemwachia mama kwa sababu nikiwa nayo mkononi sisomi. Na kituoni nilikwenda, Shangazi. Nilifika mpaka mlangoni. Nikakuta watoto wa kidato cha pili na cha tatu wamejaa kwenye mabenchi. Mdogo wake Mwanaamina, yule niliyekuwa nakaa naye dawati moja, akaniona, akaniuliza kwa sauti, "Da Muzda, umekuja kumchukua nani?" Nikasema nimepotea njia. Nimezaliwa Kibiti, nikasema nimepotea njia. Na kabla sijaondoka nikamwona mwalimu anawanyooshea fimbo wajibu maswali, asiyejua anabaki amesimama. Mimi ningesimama mpaka Novemba.

Huku ninasoma vizuri. Asubuhi Kemia, mchana Fizikia. Siku ya kwanza nilimwambia bibi nataka kukaa ndani mpaka mwezi wa kumi na moja, sitaki kuonana na watu. Hakuniuliza hata swali moja. Alitabasamu, akanishika kichwa, akanihamishia chumba cha ndani. Kisimani hataki niende. Juani hataki nikae. Jioni ananipaka liwa, ule unga wa mti unaonukia, mwili mzima, anasema inapoza. Asubuhi ananifukiza udi mpaka daftari linanukia. Juzi amenichinjia kuku, amenikalia hapo mpaka nikamaliza supu.

Sijawahi kuona mtu anayeithamini elimu kama bibi.

Haya ya kituoni usimwambie mtu.

Mwanao,
Muzdalifa


Nyamisati,
Tarehe 21 Februari, 2023

Muzdalifa mwanangu,

Salama? Mie salama, ila nina haraka, utaona kwa nini.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ikawa kama barua mbili.

Mara ya kwanza nilikuwa nakaanga vitumbua. Nikafurahi mpaka kimoja kikaungua. Hapo benchini kwangu alikuwa kakaa mwanamke wa Ikwiriri, anaitwa Mwanahawa, anangoja boti aende kwa dada yake Mafia. Akaniuliza, "Shoga, kulikoni unacheka na karatasi?" Basi nikamsimulia. Ya kituoni hapana, mie nina mipaka yangu. Nilimsimulia tu mama yangu anavyomtunza mjukuu: haendi kisimani, haoni jua, liwa jioni, udi asubuhi, kuku kachinjiwa. Mwanahawa kitumbua kikamsimama mdomoni. Akasema, "Mashallah. Binti ana umri gani?" Nikamwambia ishirini. Akasema tena, "Mashallah," na chai akaiacha.

Boti ikaondoka. Nikaisoma mara ya pili. Nikafika pale kwenye liwa. Nikasimama.

Wee mtoto! Umekulia hosteli, hujui mambo, nakusamehe. Liwa, udi, supu, chumba cha ndani asikuone mtu: huko si kusomeshwa, huko ni kuwekwa mwali! Ndivyo anavyotunzwa bibi harusi! Mama yangu kaona binti mkubwa kaja mwenyewe, kasema hataki kuonana na watu mpaka mwezi wa kumi na moja, basi kajua umeposwa huko Kibiti, harusi Novemba, na weye unaona haya kusema. Na bibi wa kwetu haulizi mambo hayo. Anaanza kazi. Mie mwenyewe alinianza hivyohivyo, nikadhani ananitibu upele.

Na huyo Mwanahawa ana kijana wake Azan, anauza vifaa vya sola Ikwiriri, wanamtafutia mke tangu Idd iliyopita. Kijana mzuri, sina la kumsema, kasoro yake anacheka kabla hujamaliza kusema. Lakini si ndo balaa lenyewe? Binti kashatunzwa, kanukia, na shangazi mtu katangaza bandarini. Atakayesikia hivyo atakaa?

Leo hii hii, ukishasoma hapa, mwambie bibi yako: bibi, mie nina mtihani, sina mchumba. Fupi hivyo. Usingoje kesho. Namkabidhi Abdalah sasa hivi, injini inanguruma.

Shangazi yako,
Kuruthumu


Mtunda,
10 Machi 2023

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima wa mwili.

Barua yako ya tarehe 21 Februari imenifikia leo. Abdalah anasema iliangukia chini ya sanduku la samaki, ameiona alipokuwa anaosha pikipiki. Inanuka samaki changu.

Washenga wamekuja jana.

Wazee wawili, kanzu zimepigwa pasi. Mimi nilikuwa chumbani nasoma. Nikasikia bibi anapiga kigelegele, nikadhani kuna jirani amejifungua. Akaingia, akanifunika kanga mpya kichwani, akaniambia, "Mjukuu wangu, wamekuja watu wako."

"Watu wangu kina nani, bibi?"

"Enhe, ndo vizuri hivyo. Jifanye hujui."

Leo baada ya kusoma barua yako nikamweleza yote. Alichambua mchele, akachambua tena. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo liwa yangu yote ile nimempaka Kemia?" Nikacheka, naye akacheka, halafu akajifuta macho, kwa sababu matumaini ameshawapa. Wazee watarudi baada ya Idd kuchukua jibu. Anasema kurudisha posa peke yake hawezi, wataona amewachezea. Baba hapatikani, yuko ndani kabisa kwenye mikoko. Anasema labda uje wewe, shangazi mtu.

Na nikwambie jingine, maana nimechoka kulibeba. Kwenye Kemia kuna sura ya kitu kinaitwa moli. Nimeisoma mpaka ukurasa umechomoka. Maneno yote nayajua kwa kichwa. Lakini sijui kama najua. Nikikosea hapa hakuna wa kuniambia nimekosea. Kila nikimsomea bibi anasema, "Vizuri, endelea." Ndivyo nilivyokwenda kwenye mtihani ule wa kwanza, Shangazi, nikidhani najua. Nikianguka tena, sioni nitakaporudi.

Njoo. Na usimwambie mtu.

Mwanao,
Muzdalifa


Nyamisati,
Tarehe 16 Machi, 2023

Mwali wangu,

Pole na kazi ya kukaa. Mie mzima, na hasira ninayo ila imechanganyika na kicheko, haifanyi kazi.

Nakuja. Idd naila Mtunda. Vitumbua namwachia Salwa, yule fundi cherehani jirani yangu, ingawa mkono wake wa sukari ni mzito.

Weye usitoke ndani. Bibi yako akikupaka, pakwa. Mwali akishawekwa hajitokei ovyo kama kuku. Anatolewa, na anayemtoa ni shangazi yake. Hiyo ndo ada yetu. Na wazee nitazungumza nao mie, hiyo usiiogope.

Ila nikikutoa, mlango nitakaokupeleka ndo utakaouingia. Hata kama una mabenchi. Hata kama una mdogo wake Mwanaamina. Hukubali, niandikie kabla ya Idd. Kimya chako nitakihesabu ndiyo, kama mwali yeyote.

Shangazi yako,
Kuruthumu


Kibiti,
3 Mei 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Magoti yamesemaje baada ya ngoma ile? Mama anakusalimu, anasema kiuno chake hakijarudi mahali pake. Mimi mzima, hina bado iko mikononi, kila nikishika kalamu watu wanaitazama.

Ni kweli sikukuandikia. Nilikaa na kalamu mwezi mzima wa Ramadhani nikashindwa kuandika hapana.

Nikueleze kilichotokea mliponifikisha kituoni kwa ngoma mkageuka. Nilibaki pale mlangoni kwa mwalimu Twalibu, kanga kichwani, kitabu kwapani, vumbi la pikipiki zenu halijatulia, ngoma naisikia inaishilia sokoni. Ndani, mdogo wake Mwanaamina mdomo wazi. Nikajua nikikimbia nitawakuta njiani, mtanirudisha na vigelegele vingine. Nikaingia.

Mwalimu akaweka chaki chini. "Binti, hapa ni twisheni. Harusi iko wapi?"

Nikasema, "Ni hapa hapa, mwalimu. Nimeletwa."

Akanitazama, akakitazama kitabu, akageukia ubao uliojaa Kemia. "Basi bwana harusi wako ndiye huyu, na ana tabia ngumu. Kaa mbele umzoee."

Darasa zima likaangua kicheko. Hata mimi. Shangazi, nilikuwa naogopa kuaibika kidogo kidogo mpaka Novemba. Nyinyi mmeniaibisha yote kwa mkupuo, haikubaki ya kesho. Sasa nikisimama bila jibu hakuna anayeshangaa. Wananiita Bi Harusi na maisha yanaendelea.

Lakini usidhani twisheni ni pepo. Tuko wengi kama dagaa. Mwalimu anaandika, anafuta kabla wa nyuma hawajaona. Wiki hii Fizikia sikuelewa hata mstari, na nafasi ya kuuliza haikufika kwangu. Kuna siku nakitamani chumba cha bibi, angalau kule kitabu kilikuwa kinanisubiri.

Na wale wazee uliwaambia nini barazani? Mimi ndani nilisikia kicheko tu, bibi hataki kunisimulia, kila akianza anacheka mwenyewe. Ya Fizikia usimwambie mtu.

Mwanao,
Muzdalifa


Nyamisati,
Tarehe 12 Mei, 2023

Bi Harusi wa mwalimu Twalibu,

Hujambo? Mama hajambo na kiuno chake? Mwambie apake mafuta ya nazi ya moto na aache kunisingizia, alicheza mwenyewe. Mie magoti yamepona! Ngoma ilikuwa dawa.

Wazee sasa. Niliwakaribisha, nikawapa kahawa, nikawauliza habari za Ikwiriri mpaka zikaisha, maana mtu aliyemaliza habari zake hana tena nguvu za kubishana. Kisha nikasema, "Wazee wangu, nyie mnaijua dini kuliko mie. Posa juu ya posa, inafaa?"

Mkubwa wao akasema, "Haifai kabisa."

"Basi huyu mtoto kaposwa kabla yenu."

Wakatazamana. Yule mdogo akaanza kununa. "Kaposwa na nani, na sie tumepokelewa kwa kigelegele?"

"Na mtihani wa taifa," nikasema. "Mama yangu kafikiri ni mtu."

Bibi yako kajifunika uso kwa kanga. Mkubwa akakoroga kahawa isiyo na sukari, akaniuliza, "Na huyo mposaji wenu, mahari kaleta?"

"Huyo haleti, baba. Huyo anadai. Anadai Kemia na Fizikia."

Hapo ndo uliposikia kicheko. Kumbe ana mjukuu wake anarudia Hesabu. Kanga walizoleta zikarudi kwa heshima zake. Na mie sikuwaacha waondoke hivihivi, nikawatajia Salwa. Wiki iliyopita wamekuja huku kwao. Azan kacheka kabla Salwa hajamaliza kusema, Salwa naye kacheka kabla Azan hajamaliza kucheka, basi imekwisha hiyo. Ngoja uone harusi.

Sasa Fizikia yako. Nilikwambia kujua jambo ni watu, na sirudi nyuma. Lakini watu wengi mno ni kelele, hilo nalo nalijua. Hapa boti ikishusha abiria wote kwa mpigo, mie sipati habari hata moja. Habari ninaipata kwa yule mmoja anayebaki nyuma anatafuta kiatu chake. Huyo ukimpa kiti, anasema yote.

Mtafute anayebaki nyuma, mwanangu. Kila darasa linaye.

Shangazi yako,
Kuruthumu


Kibiti,
18 Septemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Habari za harusi ya Salwa nimezipata, na kitambaa ulichoniletea mama ameshakishona. Sisi wazima. Bibi anaulizia lini utakuja tena kumchosha.

Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu nilikuwa na kazi, si kwa ubaya. Anayebaki nyuma nimempata.

Anaitwa Hadija. Ni mama wa watoto wawili, anauza mihogo ya kukaanga kituo cha mabasi, anarudia kama mimi. Watu wakishatoka yeye hubaki ananakili ubao kabla haujafutwa. Siku moja nikabaki naye. Akaniuliza, bila haya, "Bi Harusi, hivi hii moli ni nini hasa? Mwenzio naandika tu."

Nilitaka kumwambia hata mimi sijui. Mdomo ukajibu mwenyewe. Nikamwambia, "Baba yangu anakata miti ya mikoko. Hauzi mmoja mmoja, anauza kwa korija, ishirini ishirini. Korija ya fito na korija ya boriti idadi ni ileile, lakini fito unaweka begani unaondoka, boriti unaita watu. Basi moli ndiyo korija ya Kemia. Vile vitu ni vidogo mno, huwezi kuvihesabu kimoja kimoja, wamevifunga kwa moli. Moli ya hiki na moli ya kile idadi ni sawa, uzito ndio unaachana."

Hadija akasema, "Ehe?"

Nikaendelea. Kila akisema ehe, nakuta ninayo nyingine. Shangazi, nilikuwa nayo tangu Mtunda. Ilikuwa haijaulizwa tu.

Kumbe ule ukurasa uliochomoka haukupotea bure. Kwa hiyo sasa sichagui tena. Siku za kazi nakwenda twisheni kujua mwalimu anataka nini na kukosea mbele za watu. Jioni nakaa na Hadija nyumbani kwenye meza ya mama. Kemia namwambia mimi, Fizikia ananiambia yeye, na tukibishana tunamngoja mwalimu asubuhi. Kila Ijumaa napanda bodaboda kwenda Mtunda, nafunga mlango, nasoma peke yangu yale niliyoyaona sijui. Bibi bado ananipaka liwa. Nilimwambia si lazima sasa. Akasema, "Huyo mposaji wako mgumu. Usimwendee hunukii."

Kuna siku napata maswali yote, kuna siku nalia. Leo nimepata mengi. Usimwambie mtu, nisije nikajitia kijicho.

Mwanao,
Muzdalifa


Mtunda,
30 Novemba 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Wote wazima, mvua ni nyingi, mpunga wa bibi umeshika vizuri.

Mtihani umekwisha. Swali la moli lilikuwepo. Fizikia kuna mahali nilikwama, nikaandika nilichokuwa nacho. Siwezi kusema zaidi. Nikisema nimefanya vizuri nitakuwa najidanganya kama ile mara ya kwanza, na nikisema vibaya hutalala.

Kwa hiyo sitaandika mpaka majibu yatoke. Usinikasirikie. Nipo tu, nalima na bibi.

Namba yangu ya mtihani nimekuandikia huku nyuma, uniwekee, nikiipoteza iwepo. Usimpe mtu.

Mwanao,
Muzdalifa


Nyamisati,
Tarehe 22 Desemba, 2023

Mwanangu,

Salama huko? Kifua cha bibi? Mpunga?

Huku Salwa ana mimba, watu wanasema bado mapema kujua, mie nilijua tangu alipoacha kula vitumbua vyangu. Baba yako kakuletea asali ya kwenye mikoko, iko kwangu, imepungua kidogo.

Sikuulizi kitu. Nimekusalimu tu.

Shangazi yako,
Kuruthumu


Nyamisati,
Tarehe 15 Januari, 2024

Muzdalifa,

Hujambo.

Asali imepungua tena. Njoo uichukue hata kama huna la kusema.

Shangazi yako,
Kuruthumu


Mtunda,
28 Januari 2024

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Sisi wazima, wazima kabisa.

Majibu yametoka. Nilikwenda Kibiti jana kutazama kwa simu ya mama, mama akaninyang'anya akatazama yeye. Kemia nimepata C. Fizikia nimepata D. Shangazi, hiyo D ndogo inatosha! Chuo kinataka kufaulu, na nimefaulu yote mawili. Mwalimu Twalibu amesema dirisha la maombi likifunguliwa atanisaidia kujaza, na akaniuliza kama mposaji ameridhika na mahari.

Hadija Fizikia amepata B. Kemia imemkataa. Akasema, "Basi nabaki nyuma mara moja tena." Nimemwambia jioni zangu ni zake mpaka siku nitakayoitwa chuoni. Safari hii nitamwuliza mimi, aseme yeye.

Bibi amepiga kigelegele kile kile cha washenga. Majirani wamekuja kuuliza harusi lini.

Na hii, Shangazi, waambie watu. Waambie wote. Anza na boti ya Mafia.

Mwanao,
Muzdalifa


Nyamisati,
Tarehe 30 Januari, 2024

Mwanangu Muzdalifa, nesi wangu wa kesho,

Alhamdulillahi! Hujambo? Mie leo ndo nimekuwa mzima.

Nilijua. Nilijua tangu Alhamisi yalipotoka. Namba yako nilimpa mtu mmoja tu, Badru anayekata tiketi za boti, maana ana simu kubwa na miwani. Akatazama, akaniambia. Nikamwambia, "Badru, ukilisema hili kabla mwenyewe hajasema, chai kwangu hunywi mpaka kufa." Kisha nikaufunga na mdomo wangu.

Muzdalifa, hujui nilichopitia. Boti zimekuja, boti zimeondoka, watu wamekaa benchini kwangu wananiuliza, "Bi Kuruthumu, habari?" Nasema, "Nzuri." Basi. Nzuri tu! Wakatazamana. Siku ya pili wakaniletea uji. Jana Salwa kaja na dawa ya kichwa, imamu kanipitia kuniombea dua, na baba yako kaambiwa huko kwenye mikoko kwamba dada yake haongei, kaja mbio na matope miguuni. Hata yeye sikumwambia. Nilimtazama tu nikawa nakaanga.

Ilikuwa habari yako. Miezi yote hiyo umeibeba, nikaona mtu mwingine asiionje kabla yako.

Nampongeza bibi yako. Hadija mwambie shangazi anamsalimu, na Kemia yake ikija, mie nakuja na ngoma.

Baba yako nimeshamsomea barua, kakaa kwenye ndoo, ile ile niliyokaa mie, na analia kama mtoto huku anakula asali yako. Boti ya Mafia ndo ile inajaza watu. Vitumbua nimeviacha motoni. Kalamu naiweka chini, mwanangu, mdomo umeshatangulia.

Shangazi yako aliyekutoa ndani,
Kuruthumu